Mwaka wa Viatu vya Kijani

Habari ya kifo cha Mama Régine ilinikuta ninapanga viatu mezani pangu, sokoni, na jambo la kwanza nililolifikiria, Mungu anisamehe, ni nitavaa nini miguuni. Niliona aibu kidogo, kisha nikaona kwamba yeye mwenyewe angecheka. Angesema, "Mutoto yangu, kama unakuya kunililia, usikuye na biatu ya jana." Basi nilivaa vyeusi vya ngozi, vyenye kamba nyembamba juu ya kifundo, nikapanda pikipiki hadi Majengo. Mbele ya ile nyumba ya mbao walikuwa wamefunga hema ya bluu, viti vya plastiki vimepangwa juu ya mawe meusi, na wanawake wa kwaya wameshaanza. Sikuwa nimekaa hata kidogo nilipomwona Solange anaingia mlangoni, mfuko begani, ametoka kwenye boti ya Bukavu asubuhi ile. Hatukuwa tumeonana miaka mingi sana. Amenenepa, amevaa miwani. Lakini kabla ya kunikumbatia alishusha macho akaangalia miguu yangu, nami nikaangalia yake, na hapo hapo tukaanza kulia na kucheka kwa pamoja, mpaka binti wa marehemu akatuletea maji.

Katika nyumba hiyo tulikaa sisi wawili mwaka mmoja tu, mimi nikiwa nimetoka Kiwanja na Solange ametoka upande wa Bukavu, wote tukiwa na miaka ishirini na kitu. Mama Régine alikuwa mjane aliyetukodishia chumba cha nyuma. Wakati ule mji ulikuwa bado unajijenga upya juu ya lava ya volkano iliyokauka. Watu walikuwa wanapiga misumari kila kona, na nyumba nyingi za Majengo zilikuwa za mbao zilizokaa moja kwa moja juu ya mawe. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja tulicholala wawili, dirisha dogo lenye pazia la kitenge, na ukuta wa mbao uliotutenga na sebule ya Mama Régine. Ukuta ule haukuficha neno. Tulimsikia akisali, tukamsikia akiigombeza redio yake kama mtu, tukamsikia akisema peke yake kwamba wale wasichana wa nyuma wamemaliza makala yake ya kupikia tena. Naye bila shaka alitusikia sisi. Chini ya kitanda ndiko tulikoweka viatu, ndani ya makarato, yaani maboksi, vya Solange upande wa ukuta na vyangu upande wa mlango. Miguu yetu ilikuwa ya namba ile ile, kwa hiyo mpaka kati ya upande na upande haukuheshimiwa sana.

Mtu ambaye hajatembea Goma hawezi kuelewa maana ya kupenda viatu katika mji ule. Mawe ya volkano yana meno. Yanakula soli, yanakwangua ncha, na kisigino chembamba kikiingia katika tundu la jiwe hakitoki kizima. Sisi tulijua la kufanya. Asubuhi tulitoka na kandambili, viatu vizuri vikiwa ndani ya mfuko, tukaruka jiwe kwa jiwe mpaka barabara ya lami; hapo tukasimama, mmoja akamshika mwenzake bega, tukabadilisha. Wanaume wa chukudu, zile baiskeli za mbao, walikuwa wanatupigia miluzi wakiteremka na magunia yao. Kuanzia hapo tulitembea kama watu wengine kabisa. Mimi nilifanya kazi katika nyumba ya fotokopi kule Birere, nikichapa barua za watu na kusimama siku nzima karibu na mashine yenye joto. Solange aliuza dawa katika famasi. Hakuna aliyehitaji kutuona miguu. Lakini mimi nilijua nimevaa nini chini ya ile meza, na barua zangu, hata leo nasema, zilichapwa vizuri zaidi kwa sababu hiyo.

Jioni tulikula pamoja na Mama Régine, kwa sababu mbabula, jiko la makaa, ilikuwa moja. Sombe ya majani ya muhogo, au maharage, na zikipatikana, sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zilizokaangwa mpaka zikalia mdomoni. Yeye alikaa kwenye kiti kifupi, sisi kwenye mkeka, na mazungumzo yalikuwa marefu kuliko chakula. Kuna majuma chakula kilikuwa kidogo kweli, na sababu yake ilikuwa inajulikana. Ilikuwa chini ya kitanda. Mama Régine alikuwa akiangalia sahani, kisha anaangalia mlango wa chumba chetu, kisha anasema, "Leo tutakula viazi na chumvi. Ile ingine imetembea."

Nimejaribu mara nyingi kueleza kile kinachonipata nikiona kiatu, na sijafaulu. Siku ya kufungua balo, lile robota la mitumba, yule mama wa viatu pale soko la Virunga alikuwa anakata kamba kwa kisu, na mzigo unapumua, unajifungua wenyewe, viatu vinamwagika kama samaki, harufu ya ngozi na ya dawa ya meli inapanda. Wanawake wanainama pamoja. Mimi mdomo ulikuwa unakauka. Sikuwa natafuta kiatu fulani. Nilikuwa nasubiri kimoja kinitazame. Kikishanitazama, kila kitu kingine, chakula, sabuni, simu ya nyumbani, kilikuwa kama sauti ya mtu anayeniita kutoka ng'ambo ya mto: ninaisikia, lakini sielewi anasema nini. Sasa nimepita hamsini, nina wajukuu wawili, na mwezi uliopita nilinunua jozi nyekundu inayonibana kidole kidogo, nikijua inanibana. Basi sitajifanya hapa kwamba ulikuwa ujana tu.

Faustin alikuja mwaka ule ule, mwanzo wa mvua. Aliingia nyumba ya fotokopi na karatasi za ushirika wa wakulima wa Kibumba, zimelowa, akaomba nizichape upya. Alikuwa mtu wa mashu, zile kabichi, na viazi: alikusanya mazao ya jamaa zake, akapakia lori, akauza Goma. Alikuwa na jozi moja ya viatu, ya rangi ya kahawia, imepigwa rangi mpaka inang'aa, na alipoketi kunisubiri alifuta tope kwa kitambaa chake cha mfukoni kabla ya kufuta uso. Nikampenda kwa kitu hicho. Juma lililofuata alirudi na shu kubwa kama kichwa cha ndama, akaiweka mezani kwangu bila maelezo. Mama Régine aliipika na nyanya, akasema, "Huyu ni mutu. Wengine wanaletaka maneno."

Alikuwa anakuja Jumapili baada ya misa. Alikaa sebuleni, magoti pamoja, akacheka kwa mabega bila sauti. Na aliona. Wanaume wengi hawaoni, lakini Faustin aliona kila mara. "Hii ni mupya?" angeuliza, akielekeza kidevu miguuni pangu. Mwanzoni nilidhani ni sifa. Baadaye nilianza kusikia kitu kingine chini ya swali lile, kama mtu anayegonga ukuta kusikia kama kuna uwazi ndani. Alikuwa ameenda shule miguu mitupu mpaka akawa mkubwa, katika baridi ya Kibumba, ambayo si baridi ya mchezo. Aliniambia mara moja tu, bila kulalamika. Nilimshika mkono. Nilidhani tumeelewana: kwamba yeye na mimi tulikuwa tunapenda kitu kile kile kwa njia mbili.

Kiangazi kilipokaribia alisema shangazi yake angekuja kuniona. Alimwita masenge, kama wanavyosema kwao. Jina lake lilikuwa Mama Cécile, dada ya baba yake, ndiye aliyemlea, na bila neno lake hakuna mahari ingetoka Kibumba. Nyumba nzima ilishikwa na joto. Mama Régine aliosha mapazia. Solange alinisuka nywele. Mimi nilipewa kazi moja: kwenda kununua kitenge cha heshima, kizito, cha maua makubwa, nishone kwa haraka, kwa sababu kile nilichokuwa nacho kilikuwa kimepauka mabegani. Nilitoka asubuhi na nia safi kabisa. Njia ya maduka ya vitenge inapita kando ya soko, na kando ya soko nilisikia kamba inakatwa.

Vilikuwa vya kijani. Si kijani cha kawaida. Kijani cha jani la muhogo lililonyeshewa, chenye bizimu dogo la shaba pembeni na kisigino kifupi kilichonona, kisigino ambacho hata jiwe la Majengo lisingekimeza. Kimoja kilikuwa juu ya rundo, cha pili niliingia mpaka kiwiko kukitafuta. Nilipokivaa kilifunga mguu wangu kama mkono wa mtu anayenijua. Yule mama wa viatu aliniangalia usoni akasema, "Dada, mi sitasema neno. Umeshanunua." Na kweli, nilikuwa nimeshanunua. Nilirudi nyumbani bila kitenge. Solange alifungua mfuko, akakaa kitandani. Kisha akasema, "Adela. Ungeniita. Ningekushika mukono." Halafu, baada ya muda, kwa sauti ndogo, "Leta nijaribu."

Basi siku ile nilimpokea Mama Cécile na kitenge kilichopauka na viatu vya kijani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amefunga kitambaa cha kichwa vizuri sana, mikono yake mikubwa ya kulima imekaa mapajani kama vitu alivyoazima. Nilimsalimia kwa magoti. Tulikula: wali, nyama ya mbuzi, shu ya Faustin mwenyewe, fromaji, ile jibini ya Masisi, iliyokatwa vipande. Alikula vizuri, akauliza habari za Kiwanja, akasifu mchuzi. Faustin alikuwa anaangalia miguu yangu, kisha ukuta, kisha miguu yangu. Baada ya chakula Mama Cécile aliomba mahali pa kupumzisha mgongo, kwa maana barabara ya Rutshuru ilikuwa imemtikisa, na Mama Régine akampeleka kwenye chumba chetu. Hakuna aliyekumbuka kushusha shuka kuficha viatu chini ya kitanda. Sisi wasichana tulitoka kuosha vyombo nyuma, Faustin akaenda kumtafutia shangazi pikipiki, na nilipoingia kuchukua sabuni, wale mama wawili walikuwa wamerudi sebuleni. Nilisimama chumbani na sabuni mkononi. Ukuta wa mbao haukuficha neno.

"Mi sisemi mutoto ni mubaya," Mama Cécile alikuwa anasema. "Anajua kusalimia batu. Anajua kupika. Lakini umeona chini ya kile kitanda? Miguu ni mbili tu, Mama Régine. Ile biatu yote ni ya kazi gani?"

"Ni ya kuvala."

"Kwetu tunalimaka. Faustin analala mu lori juu ya mashu, anakuwa na baridi. Atauzisha, na huyu atavala mashu yake mu miguu."

Nilisikia Mama Régine akisogeza kiti. "Sikiliza, mwenzangu. Mi nilikuwaka na nyumba ya vyumba tano kule chini. Nilikuwa na kabati, na mashini ya kushona, na sahani za ndoa yangu, sikuwahi kulia chakula mu zile sahani, nilikuwa naziwekea wageni. Volkano ilishuka, nikatoka na yenye nilivala. Kesho yake hata mahali pa mulango sikupaona. Tangu ile siku, mutu akinunua kitu yenye anaweza kukimbia nayo, mi simulaumu."

"Kukimbia na visigino?" akauliza Mama Cécile.

Wakacheka, wote wawili, kicheko cha watu waliochoka. Mimi nyuma ya mbao nilidhani kicheko kile kimeniokoa. Sikujua kwamba mtu anaweza kucheka na wewe na bado akasema hapana.

Jumapili iliyofuata Faustin hakuingia ndani. Aliniita tukatembea mpaka kando ya uwanja wa mpira, na tulisimama pale watoto wakipiga kelele. Alikuwa ameandaa maneno yake, nilimwona anayatafuta yalipo.

"Sikuombi utupe biatu," alisema. "Mi nazipenda, unajua. Nakuomba neno moja tu, nimupelekee masenge. Ukifika kwangu, hautanunua tena bila kuniuliza."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Nilifikiri. Nataka iandikwe kwamba nilifikiri kweli. Nilimwona yuko juu ya lori, amejifunika turubai. Nilimwona amekaa sebuleni kwetu, magoti pamoja. Kisha nikajiona mimi nimesimama sokoni, kamba inakatwa.

"Faustin, nikisema ndiyo nitakudanganya. Labda si mwaka huu. Lakini siku moja nitapita, nitaona, nitanunua, na nitakuya kwako na uongo."

"Sema tu ndiyo. Masenge anataka kusikia ndiyo."

"Na weye unataka kusikia nini?"

Aliangalia viatu vyake vya kahawia. Akauliza, "Unapenda biatu kunipita?"

"Hapana," nilisema. "Lakini siwezi kuahidi."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na kuona kwamba haiteremki. Alinisindikiza mpaka mlangoni kwa adabu yake yote, akamsalimia Mama Régine, akaenda. Nilimsikia anateremka kwenye mawe, viatu vyake vya kahawia vikigonga, kisha sikumsikia tena. Hakurudi. Shu hazikuja. Mwezi hivi baadaye kijana mmoja wa ushirika alileta karatasi za kuchapa, akasema Faustin sasa anatuma watu.

Nililia sana, na sikulia vizuri. Nililia kwa hasira, nikigeukia ukuta, Solange akinipapasa mgongo mpaka analala na mkono wake juu yangu. Usiku mwingine nilimlaumu Mama Cécile, usiku mwingine nililaumu ule mdomo wangu usioweza kutoa neno dogo kama wanawake wote wanavyotoa. Mama Régine hakunipa mashauri. Asubuhi moja tu aliniletea chai kitandani, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akakaa, akasema, "Ungesema ndiyo, ungekuwa Kibumba sasa. Ungekuwa unaficha biatu mu ghala ya viazi." Nikacheka bila kutaka. Akasema tena, "Kuficha kunachokesha mwanamuke kupita kulima." Kisha akadai kikombe chake.

Watu wanadhani mtu hugeuza maisha kwa uamuzi mkubwa. Mimi niligeuza yangu kwa sababu nilikuwa sitaki kukaa nyumbani Jumamosi. Nilienda kwa yule mama wa balo, nikamwambia nitamsaidia kupanga, asinilipe. Alinitazama, akasema hakuna mtu anayesaidia bure, lakini panga. Nikapanga. Niligundua kwamba nikimwona mwanamke anakuja kutoka mbali ninajua namba yake, na ninajua kama anataka kiatu au anataka kusifiwa kwanza. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimeacha nyumba ya fotokopi. Solange alihamishwa na famasi yake kurudi Bukavu. Tulimsindikiza bandarini, na alipanda boti akiwa amevaa vile vya kijani, kwa maana nilimwomba avichukue. Sikuweza kuvitazama, wala sikuweza kumpa mtu nisiyempenda. Mwaka uliofuata nilihama Majengo. Baadaye nilipata mume, fundi wa redio, mtu asiyeona nimevaa nini hata nikivaa ndoo, na tumekaa vizuri. Lakini nikikumbuka ni wapi nilianza kuwa mtu huyu niliye, nakumbuka chumba kile, harufu ya mbao na ya dawa ya viatu, na sauti za wanawake wawili zikipima maisha yangu ng'ambo ya ukuta.

Hayo yote nilikuwa namkumbusha Solange chini ya hema, yeye akinisahihisha hapa na pale, mara wanaume wachache wakaingia kutoa pole. Mmoja alikuwa mzee mwembamba, kofia mkononi, mabega yamelala mbele. Alisalimia wafiwa, akageuka kutafuta kiti, akaniona. Sote wawili tulichelewa kidogo kutambuana.

"Adela," alisema.

"Papa Faustin. Karibu ukae."

Alikaa. Alisema hakuwahi kumsahau Mama Régine, kila akipita Majengo na mzigo alikuwa anamwachia viazi. Mimi sikujua hilo; marehemu hakuniambia kamwe. Tuliulizana watoto. Masenge alikuwa amekufa zamani. Kisha Solange, ambaye hana haya tangu ujana, akamwuliza, "Na bibi mwenye ulioa, ulimuuliza lile neno la biatu?"

Faustin aliangalia kofia yake. "Nilimuuliza."

"Akasema?"

"Akaahidi. Mbio mbio. Masenge alifurahi sana." Mabega yakaanza kutikisika, kile kicheko kisicho na sauti. Akanigeukia. "Adela, kuna mama mumoja anakuyaka kwako siku ya balo. Mufupi, mweusi, ako na pengo hapa mbele. Anapendaka za kamba."

"Mama Noëlla? Ni mteja wangu wa miaka. Ananunua za dada yake wa Rutshuru."

"Hana dada," alisema Faustin.

Solange alijifunika uso na kitenge, na wanawake wa kwaya wakadhani uchungu umempanda. Mimi nilishika mkono wa kiti. Faustin alisubiri tutulie. Halafu akainama, akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu, "Anaziwekaka mu ghala, nyuma ya magunia. Mi nikitaka kuingia, nakohoaka kwanza. Tafazali, usimuambie kama najua."

Nilimwambia sitasema.

Jumamosi iliyofuata Mama Noëlla alikuja mapema, kabla kamba haijakatwa, pengo lake likionekana kwa furaha. Alisema dada yake sasa anataka nyekundu. Nilichagua jozi moja nzuri, nikaifuta, nikamuuliza dada anavaa namba gani siku hizi, maana miguu ya watu hubadilika. Alifikiri kidogo, akatazama huku na huku, kisha akavua kiatu chake mwenyewe ili apime.